Cherehani Ndani ya Koti

Jumatatu, 3 Juni

Tiketi imefika. Binti yetu ameilipia yote na ametuma picha yake kwa simu. Nimeisoma kwa macho matupu, kisha nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo, maana mwenye akili huanzia chini, wanakoficha mambo. Niliyoyakuta huko! Begi moja la mkononi, kilo saba, basi. Begi la pili, pesa. Kuchagua kiti, pesa. Kuchapishiwa karatasi ya kupandia ndege pale kaunta, pesa. Maji ya kunywa, pesa. Pumzi bado wanawaachia abiria bure, nadhani kwa kusahau.

Na mimi nina cherehani.

Dada yangu ana presha ya macho. Daktari amemwambia kuona alikobakiza ni kudogo, nako kukienda hakurudi. Alinipigia mwezi uliopita, sauti kavu kama ilivyokuwa tangu utotoni. "Njoo nikuone kabla sijaanza kukupapasa," akasema. "Na uje na cherehani ya mama, nayo niione."

Nilipoondoka kwetu, katika ile vurugu, niliibeba begani, chuma kitupu, watu wengine wakibeba magodoro na kuku. Imenilisha mimi na watoto huku ugenini umri mzima. Karatasi zangu za ukimbizi hazikuniruhusu kurudi. Sasa zinaruhusu, na macho ya dada hayasubiri.

Kwa hiyo mimi nakwenda na cherehani inakwenda. Lakini shirika la ndege halitaona senti yangu kwa ajili yake. Nimeapa. Mke wangu amesema mtu haapi kabla ya kula.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimepima cherehani kwa mizani ya muuza viazi wa kona. Kilo kumi na mbili na ushee. Akauliza kama naiuza kwa chuma chakavu, atanipatia mteja. Tumeagana bila kushikana mikono.

Jioni akaja shemeji, kaka wa mke wangu. Mtaani wanamwita Bwana Risiti. Alikuwa karani wa benki, na tangu astaafu anatunza risiti za kila kitu, mpaka za kinyozi. Alikuja na ofa. Atalipia mzigo wangu. Atanipeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Hata ile ada wanayotoza magari yanayoshusha abiria mlangoni, atalipa yeye. Alisema yote hayo mbele ya dada yake, mdomo umejaa biskuti zangu.

Nimekataa kwa heshima. Nikikubali, nitaisikia habari hiyo kwenye kila harusi na kila msiba mpaka siku wanayonizika, na hapo atanitupia risiti kaburini.

Alipoondoka mke wangu akasema: "Mume wangu, nauli kalipa mtoto, mzigo anataka kulipa kaka yangu. Kazi yako wewe ni kukaa kwenye kiti tu." Nikamjibu kwamba kukaa tu hakujawahi kumjenga mtu. Akaniangalia, kisha akakiangalia kiti changu, ambacho kweli kimebonyea.

Lakini wazo limekuja. Sheria inasema nguo aliyoivaa abiria haipimwi. Haisemi ni nguo ya namna gani. Na aliyeisoma sheria hiyo ni fundi cherehani. Walioiandika hawakunifikiria hata kidogo, maskini.

Jumatano, 5 Juni

Koti limekatwa. Kitambaa kizito cha mapazia kilichobaki kazi ya zamani, rangi ya majivu, kinaficha kila kitu. Mifuko ya ndani kama vyumba vya nyumba ya kupanga.

Mchana nimeshughulikia suala la usafiri. Teksi ni ghali. Basi la abiria linaishia njia panda, na kutoka pale ni mwendo, nami nitakuwa nimevaa cherehani. Gari la shemeji halizungumzwi. Hata hivyo, hoteli kubwa iliyo karibu na posta ina basi dogo linalopeleka wageni wake uwanjani bure. Sasa, mgeni wa hoteli ni nani? Ni mtu aliyekaa kwenye ukumbi wa mapokezi, amevaa vizuri, anasoma gazeti. Hawana alama nyingine.

Nikavaa suti yangu nyeusi, nikaenda kufanya majaribio. Viti laini, hata nikaona aibu kwa niaba ya vyetu. Mhudumu akaniletea chai bila kuitwa, na biskuti mbili nyembamba kama pasipoti. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea. Hivi ndivyo dunia inavyomtendea mtu akivaa suti! Likatangazwa basi la uwanjani. Nikainuka. Mhudumu naye akainuka nyuma yangu na kijalada cha ngozi. Ndani ya kijalada, bei ya chai.

Bei ile ingenipeleka uwanjani kwa teksi, kunirudisha, na kumnunulia dereva chakula cha mchana. Nimelipa. Mkono ulikataa kidogo, lakini nimelipa.

Basini hakuna aliyeniuliza chochote. Dereva alisema karibu mzee, nikakaribia. Tumefika mpaka mlangoni kabisa. Kurudi ndiko kulikokuwa na kasoro, kwa sababu anayerudi huonyesha ufunguo wa chumba. Nimetembea hadi njia panda. Viatu vya suti si vya kutembelea.

Hitimisho: njia ipo. Chai ni gharama ya utafiti. Nimemwambia mke wangu kwamba safari ilikuwa bure. Safari ilikuwa bure kweli.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kufungua cherehani. Nimeitandikia shuka mezani kama mgonjwa. Gurudumu, mfuko wa kulia. Mtambo wa bobini, mfuko wa kushoto. Nguzo ya sindano, kifuani. Skrubu zote kwenye kipochi cha kitambaa, shingoni. Umebaki mwili wenyewe, chuma cha kipande kimoja, na chuma cha kipande kimoja hakiingii mfukoni hata uombe.

Nikatafakari. Nikashona mbeleko ya turubai, nikakifunga mgongoni, nikavaa koti juu yake.

Nimekuwa kibiongo. Kibiongo cha heshima kabisa! Nani atamwambia mzee avue nundu?

Nilikuwa nafanya mazoezi ya kutembea ukumbini shemeji alipoingia bila kubisha hodi. Akasimama. Uso ukambadilika. Akanipa pole kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, akauliza mgongo umeanza lini na kama nimekwenda hospitali. Moyoni nikashangilia. Mtu huyu huinua noti juu ya taa kabla ya kuipokea, na nundu yangu ameipokea bila kuikagua. Wa uwanja wa ndege ni nani?

Ndipo mbeleko ikalegea. Nundu ikateremka taratibu mpaka kiunoni. Shemeji akaifuata kwa macho hadi ilipotulia, akauliza kama ugonjwa huu huwa unahama.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nimewaambia wote wawili kwamba kila chombo kipya hujaribiwa.

Ijumaa, 7 Juni

Mbeleko imeongezwa mikanda miwili. Haihami tena.

Kazi ya mwisho: pesa. Viwanja vya ndege vina wachomozi, na pochi ni mwaliko. Nimeshonea pesa zangu zote ndani ya bitana, chini ya kwapa la kushoto, mshono wa kurudia, kwa uzi wa kushonea viatu. Mke wangu aliuliza nitazitoaje. Nikamwonyesha mkasi wangu mdogo, nikautia mfuko wa kifuani. Fundi hakosi mkasi. Akautazama mkasi, akaenda kupiga pasi.

Dada amepiga simu jioni. Amesafisha kioo cha dirisha la mashariki mwenyewe, mara mbili, kwa sababu asubuhi ndipo anapoona vizuri. Sasa kila siku anaiangalia picha yangu ya ujanani. Nikamuuliza kwa nini anajichosha macho. "Najizoeza," akasema. "Nisije nikashtuka."

Nimecheka. Baadaye, simu ilipokatika, nilikuwa bado nimeishikilia.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika ndani ya ndege, kiti cha katikati, kwa kuwa sikukilipia kingine. Kulia kwangu mtu amelala. Kushoto mtu anataka kulala na kalamu yangu inamsumbua. Astahimili. Yaliyotokea lazima yaandikwe yakiwa moto.

Asubuhi kila kitu kilikwenda kama maji. Hotelini nilikaa ukingoni mwa kiti, maana nundu haikuruhusu zaidi. Mhudumu yuleyule akaja na chai. Nikaikataa kama hakimu anayekataa rushwa. Basini niliinama mbele kama mtu anayetafuta sarafu, na mama mmoja mgeni wa hoteli akanihurumia, akanipa vidonge vyake vya mgongo. Kwenye kushuka dereva akanishika mkono anisaidie. Akayumba. "Mzee," akasema, "mifupa yako mizito." Nikamwambia sisi wa zamani tulilishwa vizuri.

Mke wangu na shemeji walikuwa wameshafika kuniaga. Shemeji alikuwa na risiti ya kuingiza gari, akanionyesha, nikaisifu maandishi.

Kaunta. Begi langu likapanda mizani, halikufika hata kilo saba. Binti wa kaunta akanitazama nundu, akaondoa macho haraka kwa adabu, akanirudishia karatasi yangu, ambayo nilikuwa nimeichapisha maktaba, akasema safari njema, babu. Nikageuka nimtazame shemeji. Kutazama kule nilikuwa nimekusubiri tangu Jumanne. Nikapita.

Sasa, mimi nilisoma sheria za mizigo. Kumbe za ukaguzi ni karatasi nyingine.

Waliniambia nivue koti. Halikuenea kwenye trei. Liliinuliwa na walinzi wawili, na mmoja akaangaliana na mwenzake. Likaingia kwenye mashine, na skrini ikawa nyeusi tii, kama mtu amezima taa. Akaitwa mkuu wao, mama wa makamo, kalamu sikioni.

"Mzee wangu, hii ni nini?"

"Koti."

"Na ndani ya koti?"

"Bitana."

Akaitoa kalamu sikioni. Kisha akaniomba, kwa adabu sana, nivue na mgongo.

Nikaufungua. Mikanda miwili, nilivyoikaza, ikachukua muda. Foleni nzima nyuma yangu ikatulia kama darasa mwalimu akiingia. Nikaiweka cherehani ya mama mezani kwao, na maua yake ya rangi ya dhahabu, yale machache yasiyofutika. Mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi. Wakatoa gurudumu. Wakatoa bobini, nguzo, skrubu, sindano. Wakatoa mkasi wangu, wakautumbukiza kwenye sanduku la kioo lililojaa mikasi ya watu.

Mama yule hakunigombeza. Angenigombeza ningejibu. Alisema chuma kama hiki hakiingii kule wanakokaa abiria. Nirudi kaunta nikalipie kipakiwe chini na mizigo, bei ya dakika za mwisho, au nikiache hapa. Akatazama saa ya ukutani. Akasema pia kwamba ndege yangu inakaribia kufungwa.

Nikarudi kaunta na vyuma vyangu kwenye trei na koti begani. Bei waliyonitajia siiandiki. Pesa nilikuwa nazo. Zilikuwa chini ya kwapa la kushoto.

Nikaomba mkasi. Binti akasema kaunta hawaruhusiwi kuwa na kitu chenye makali. Nikamrudia yule mama. Akasema sanduku hufunguliwa na wakubwa wawili, kila mmoja na ufunguo wake, nao hawaji wikendi. Nikasimama pale. Mikasi mingi kuliko niliyowahi kuiona mahali pamoja, mkubwa kwa mdogo, na wangu juu kabisa, unanitazama kupitia kioo.

Nikatumia meno. Ya mbele nimebakiza matatu. Maisha yangu yote nimeshona nikiomba mshono usifumuke, na leo nilikuwa nimeng'ang'ania kwa kinywa mshono bora kuliko yote niliyowahi kushona. Haukutoa hata uzi mmoja. Vipaza sauti vikaliita jina langu. Vikaliita tena, vibaya zaidi.

Hapo nikamwona dada, amekaa karibu na kile kioo alichokisafisha, anatazama mlango. Wiki nzima nilikuwa na mipango. Pale sikuwa na hata mmoja. Koti lilikuwa kinywani.

Shemeji akapita chini ya kamba. Nilimngojea aseme neno. Nilikuwa nimestahili maneno mengi, na mengine ningeyatunga mimi mwenyewe kwa niaba yake. Alihesabu noti juu ya kaunta, haraka, bila kuziinua juu ya taa. Mke wangu alikuwa ameshapata boksi, anafungasha vyuma kwa mtandio wake.

"Nenda, shemeji," akasema Bwana Risiti. "Atakuona."

Nikakimbia. Koti jepesi ajabu.

Sasa tuko juu ya mawingu na nimetulia. Nimelipitia jambo zima upya kwa kichwa baridi. Je, shirika la ndege limeona senti yangu kwa ajili ya cherehani? Hata moja. Wameona za shemeji. Kiapo kimesimama. Pesa zangu zote ziko salama ndani ya bitana, hakuna mchomozi aliyezigusa, na hapa najua ninachosema, kwa kuwa hata mimi nimeshindwa. Ukiutazama mpango huu bila chuki, umefaulu.

Hata hivyo, yale maneno machache ya shemeji siwezi kuyatoa kichwani. Nimejaribu kuyatafutia dosari tangu tulipopaa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefika jana asubuhi. Dada alikuwa mlangoni, mdogo kuliko nilivyomwacha. Hakunikumbatia. Alinishika mkono, akanivuta moja kwa moja mpaka dirisha la mashariki, akanishika mashavu na kunigeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta upande wa nje wa kitambaa. Akaniangalia kwa jicho la kulia. Akaniangalia kwa la kushoto. Alichukua muda wake wote.

"Umefanana na mama," akasema. "Ila yeye sura hii aliibeba vizuri zaidi."

Nikasema nyumba yake ina vumbi, linaniingia machoni. Akasema vumbi gani, naye kafagia. Tukakubaliana ni vumbi la safari.

Mchana tuliiunga cherehani kitandani kwake. Mimi nilikaza skrubu, yeye alinipa vipande kutoka kwenye ule mtandio, kimoja kimoja, kwa vidole, na kila kilichokuja ndicho kilichotakiwa. Sikumwomba hata kimoja. Ilipokamilika akaisogeza karibu na uso mpaka pua ikagusa chuma, akayaona maua. Alitaka kutia uzi. Akakosa tundu. Akakosa tena. Akanipa uzi. "Tia wewe." Nikatia. Akazungusha gurudumu, akashona pindo la foronya, limenyooka kama kamba ya seremala. Foronya nimeiomba. Amekataa, anailalia yeye.

Leo amenipeleka stoo. Nyuma ya magunia, amefunika kwa shuka: miguu ya cherehani! Meza, kanyagio, gurudumu kubwa la chini, vyote. Mimi nilidhani vilichukuliwa siku zile za vurugu, pamoja na milango. Alivificha kwa jirani, akaenda kuvichukua mambo yalipotulia, akavipaka mafuta kila mwaka. Sasa amesema nivichukue. Cherehani ameshaiona, na chombo cha kushonea katika nyumba isiyo na macho kitatagiwa na kuku.

"Kichwa na miguu vikae pamoja," akasema. "Sisi wawili tulishindwa. Vyenyewe viweze."

Nikamwahidi. Kaka anayemjibu dada yake hapana kwa jambo kama hilo hajazaliwa.

Shemeji ametuma picha ya risiti ya Jumamosi. Nimeipokea. Nitaijibu nikipata nafasi. Amepiga na simu, akasema safari ya kurudi nisihangaike, ameshauliza bei ya mzigo wa chuma, niseme neno tu. Nimemshukuru sana. Nimemwambia mambo yako mikononi mwangu.

Maana nimesoma sheria upya, zote, na za ukaguzi pia. Mtu hutegwa na karatasi mara moja. Na humo nimekuta kifungu ambacho nashangaa watu wanakiacha kilale. Kiti cha magurudumu cha abiria asiyeweza kutembea husafiri bure. Bure kabisa! Hawapimi uzito. Hawaulizi kimetengenezwa na nani. Sasa, miguu ya cherehani ni nini? Ni chuma chenye gurudumu moja tayari, kubwa, zuri, linazunguka. Linatakiwa la pili, vigurudumu viwili vidogo vya mbele, ubao wa kukalia, na mto. Kanyagio litabaki palepale, la kuwekea miguu. Kichwa cha cherehani nitakipakata, nimekifunika blanketi, kama mgonjwa anayesikia baridi.

Nimemchorea dada mchoro mkubwa, kwa makaa, aone. Ameusogeza dirishani, ameuangalia kwa macho yote mawili, akauliza mgonjwa ni nani. Nikasema mimi. Akasema hapo basi sitahitaji kuigiza sana. Kisha akauliza, je, wakinitaka nisimame?

Swali zuri. Nitalifikiria nikishapata magurudumu.